Kenya: Elimu ya bure ambayo wazazi hawakuacha kuilipia

Mwezi Julai mwaka 2025, Waziri wa Fedha wa Kenya, John Mbadi, alifika mbele ya Kamati ya Elimu ya Bunge la Taifa mjini Nairobi na kusema hadharani jambo ambalo wakuu wa shule walikuwa wakilalamikia kwa muda mrefu. Serikali, alieleza, haina uwezo wa kutoa shilingi 22,244 ilizoahidi kwa kila mwanafunzi wa sekondari ya kutwa kwa mwaka. Kiasi ambacho hazina ingeweza kumudu kilikuwa takriban shilingi 16,900.

Kauli hiyo ilizusha kelele nchi nzima. Siku zilizofuata viongozi wengine wa serikali walijitokeza kuwahakikishia wananchi kwamba elimu ya bure haijafutwa na wala haitafutwa. Hata hivyo wazazi waliokwisha kuvuka umri wa miaka arobaini hawakuhitaji ufafanuzi mwingi. Walikwisha kuyasikia hayo wakiwa watoto, na wazazi wao waliyasikia kabla yao.

Karo, au ada kama wasemavyo majirani zao wa Tanzania, imefutwa nchini Kenya mara kadhaa. Ilifutwa kwa wilaya za ukame mwaka 1971, ikafutwa kwa madarasa manne ya mwanzo nchi nzima kuanzia Januari 1974, michango iliyochukua nafasi yake ikapigwa marufuku mwishoni mwa miaka ya 1970, kisha yote yakafutwa upya mwaka 2003. Kitu kinachofutwa mara nne bila shaka hakikuwa kimekwenda mbali.

Shule za wananchi

Ili kuelewa kwa nini mzazi wa Kenya hutoa mkono mfukoni hata pale anapoambiwa asitoe, yapasa kurudi nyuma kabla ya uhuru. Serikali ya kikoloni iliacha sehemu kubwa ya elimu ya Waafrika mikononi mwa wamisionari, na kile ilichotoa yenyewe kilikuwa kidogo kikilinganishwa na kilichotumiwa kwa watoto wa Wazungu. Katika eneo la Wakikuyu, ugomvi na wamisionari mwishoni mwa miaka ya 1920 uliwafanya wazazi wajenge shule zao wenyewe, zikaitwa shule huru. Mwaka 1939 kilifunguliwa chuo cha walimu cha Githunguri chini ya Mbiyu Koinange, kikiendeshwa kwa michango ya wananchi. Jomo Kenyatta aliporejea kutoka Uingereza mwaka 1946 alikwenda kufanya kazi huko, na baadaye akakiongoza. Mwaka 1952, ilipotangazwa hali ya hatari, serikali ya kikoloni ilikifunga pamoja na shule huru nyingi.

Kwa hiyo rais wa kwanza wa Kenya aliijua vyema nguvu ya mchango wa kijijini. Mwaka 1963 chama chake, KANU, kiliingia katika uchaguzi kikiahidi elimu ya msingi bila malipo. Wakati huo watoto waliokuwa katika shule za msingi walikuwa karibu 891,000. Mwaka uliofuata Tume ya Elimu chini ya Profesa Simeon Ominde iliunga mkono lengo hilo, lakini serikali mpya ilikuwa na mambo mengine ya haraka: ilihitaji makarani, wahandisi na maafisa wa kuchukua nafasi za Waingereza, na fedha zikaelekezwa zaidi katika sekondari na chuo kikuu.

Shule za msingi zilikabidhiwa halmashauri za wilaya. Halmashauri hizo zilitakiwa kukusanya karo na kodi, kuwalipa walimu na kutunza majengo, na nyingi hazikuweza. Mishahara ilichelewa, walimu wakalalamika kupitia chama chao cha KNUT kilichoundwa mwaka 1957, na hatimaye mwaka 1967 ikaanzishwa Tume ya Kuwaajiri Walimu, TSC. Mwaka 1970 serikali kuu ikazichukua shule za msingi kutoka kwa halmashauri nyingi. Katika muda huo huo wananchi walikuwa wakijenga sekondari za harambee kila upande wa nchi, wakiuza ndizi, mbuzi na kahawa ili watoto waliokosa nafasi katika shule za serikali wapate mahali pa kwenda. Nyingi hazikuwa na maabara wala walimu waliohitimu. Zilikuwa na mabati, na zilikuwa na wanafunzi.

Amri ya sikukuu

Tarehe 12 Desemba 1973, katika sherehe za kutimiza miaka 10 ya uhuru, Kenyatta alitangaza kwamba watoto wa darasa la kwanza hadi la nne hawatalipa karo tena. Kwa darasa la tano hadi la saba, karo ingekuwa sawa nchi nzima, shilingi 60 kwa mwaka. Tangazo hilo liliwashtua hata maafisa wa elimu. Shule zilikuwa zifunguliwe wiki chache tu baadaye.

Januari 1974 watoto walimiminika. Idadi ya wanafunzi wa shule za msingi ilipanda kutoka takriban milioni 1.8 hadi karibu milioni 2.8 kwa mwaka mmoja. Walimu walikuwa 56,000 mwaka 1973. Kufikia 1975 walikuwa karibu 90,000, na takriban 40,000 kati yao hawakuwa na mafunzo ya ualimu. Madarasa hayakutosha, madawati hayakutosha, na fedha ambazo shule zilikuwa zikipata kutokana na karo zilikuwa zimekatwa kwa sentensi moja ya hotuba.

Hapo ndipo wasiwasi wa wenyeji ulipoanza, na hapo ndipo ulipozaliwa mchango wa majengo. Kamati za shule, zikiwa na watoto wasio na mahali pa kukaa, zilianza kuwatoza wazazi fedha za kujengea madarasa. Serikali haikuzuia. Profesa Daniel Sifuna, mmoja wa wanahistoria wa elimu wanaosomwa sana nchini Kenya, ameeleza kwamba katika wilaya nyingi michango hiyo iligeuka kuwa mikubwa kuliko karo iliyofutwa. Tofauti ilikuwa kwamba karo ilijulikana kiasi chake, ilhali mchango uliamuliwa na kamati, na kamati iliweza kuubadilisha muhula kwa muhula. Wengi miongoni mwa watoto waliofurika mwaka 1974 walikuwa wameondoka kabla ya kumaliza shule.

Wilaya za ukame, yaani Turkana, Marsabit, Mandera, Wajir na nyinginezo, zilikuwa zimeondolewa karo tangu 1971. Kwa mfugaji anayehamahama, hata hivyo, kufutwa kwa karo kulikuwa habari njema ya nusu tu, kwa kuwa kilichomtenga mtoto wake na darasa hakikuwa shilingi peke yake bali pia umbali wa kilomita nyingi, na mchango wa majengo ulipoingia hata ile nusu ikapungua.

Maziwa na karakana

Kenyatta alifariki dunia Agosti 1978. Daniel arap Moi, mwalimu wa zamani wa shule ya msingi, alipiga marufuku michango ya majengo, na mwaka 1979 serikali yake ikaanza kugawa maziwa ya bure shuleni. Idadi ya wanafunzi ikaruka tena, kutoka karibu milioni 3 mwaka 1978 hadi karibu milioni 3.7 mwaka 1979.

Msikilizaji aliyesoma Kenya katika miaka hiyo, awe leo anaishi Muscat, London au Minneapolis, bila shaka anaikumbuka pakiti ya maziwa ya Nyayo yenye umbo la pembetatu. Wapo waliokwenda shule kwa ajili yake. Maziwa hayo yaliendelea kugawiwa kwa miaka mingi, yakazidi kuwa haba katika miaka ya 1990, kisha yakatoweka bila ya tangazo lolote la maana.

Mwaka 1985 ulikuja mfumo wa 8-4-4. Shule ya msingi, iliyokuwa na madarasa saba, ikapewa la nane, na masomo mapya ya vitendo yakaongezwa: useremala, uashi, kilimo, sayansi ya kimu. Mantiki yake ilikuwa kwamba kijana akimaliza shule aweze kujiajiri. Lakini useremala wahitaji karakana, na karakana yahitaji randa, misumeno na mbao. Serikali ilileta mtaala, wazazi wakaambiwa wajenge. Vikao vya harambee vikafanyika karibu kila kijiji, na machifu wakapewa jukumu la kuhakikisha kila mtu amechanga. Yalisikika malalamiko ya kuku na mbuzi kuchukuliwa katika nyumba za walioshindwa kutoa. Neno harambee, lililokuwa la hiari, katika masikio ya wengi likaanza kufanana na kodi.

Kugawana gharama

Hatua kubwa zaidi ilichukuliwa mwaka 1988. Uchumi wa Kenya ulikuwa umebadilika. Neema ya bei ya kahawa ya mwaka 1976 na 1977 ilikuwa imepita, mafuta yalikuwa yamepanda, ukame wa 1984 ulikuwa umeumiza wakulima, na madeni ya nje yalikuwa yakiongezeka. Elimu ilikuwa ikila zaidi ya theluthi moja ya matumizi ya kawaida ya serikali, na sehemu kubwa mno ya fedha hizo ilikuwa mishahara ya walimu. Shirika la Fedha la Kimataifa na Benki ya Dunia yalikuwa yakiishinikiza Nairobi, kama yalivyokuwa yakizishinikiza Dar es Salaam, Lusaka na Accra, ipunguze matumizi.

Rais Moi aliunda tume ya kazi chini ya James Kamunge ili kuangalia elimu kwa miaka kumi iliyofuata. Tume hiyo ilipendekeza gharama zigawanywe kati ya serikali, wazazi na jamii, na mwaka huo huo wa 1988 serikali iliyakubali mapendekezo hayo katika Waraka Nambari 6 wa Bunge. Kwa maneno machache, serikali ingelipa mishahara ya walimu na kusimamia elimu. Mengine yote, yaani majengo, vitabu, madawati, chaki, sare, mitihani, na mara nyingi hata mshahara wa mlinzi, yangekuwa juu ya mzazi.

Jina lake lilikuwa kugawana gharama. Ni jina lenye adabu. Mgawanyo, hata hivyo, ni jambo linalofanywa na watu wenye uwezo wa kukubali au kukataa, na mzazi wa Kitui au Kwale hakuwa na nafasi ya kukataa.

Mpango wa serikali wa kuzipelekea shule vitabu na vifaa ulikufa. Watoto wakawa wanasoma wanne au watano kwa kitabu kimoja, na mara nyingine kitabu kilikuwa cha mwalimu pekee, yeye akiandika ubaoni na darasa likinakili. Kila Jumatatu ilikuwa na orodha yake. Mwalimu mkuu alisoma majina mbele ya gwaride la asubuhi, na walioitwa walirudi nyumbani kuleta fedha za dawati, za mtihani wa majaribio, za simiti. Wengine walirudi siku hiyo hiyo, wengine baada ya wiki mbili. Wengine hawakurudi.

Mambo mawili yalizidisha ugumu. Novemba 1991 wafadhili walisitisha misaada kwa Kenya wakidai mageuzi ya kisiasa na kiuchumi, na mwaka 1993 bei za bidhaa zilipanda kwa zaidi ya asilimia 40. Mshahara wa mfanyakazi wa kawaida ukawa haununui ulichokuwa ukinunua. La pili lilikuwa walimu wenyewe. Mwaka 1997, miezi michache kabla ya uchaguzi mkuu, KNUT iliitisha mgomo na serikali ikakubali nyongeza kubwa ya mishahara iliyopaswa kulipwa kwa awamu. Baada ya uchaguzi serikali ilisema haina fedha, na mwaka 1998 walimu wakagoma tena. Mwaka huo huo serikali ikasimamisha kuajiri walimu wapya. Mwalimu aliyestaafu au kufariki, na hiyo ilikuwa miaka ambayo ukimwi ulikuwa ukiua walimu wengi, hakupata wa kushika nafasi yake. Shule zilizoweza ziliajiri walimu kwa fedha za wazazi. Hapo hata lile jukumu moja ambalo serikali ilijibakizia mwaka 1988 likawa linavuja.

Matokeo yake yamo katika takwimu za serikali yenyewe. Mwishoni mwa miaka ya 1980 kiwango cha jumla cha uandikishaji katika shule za msingi kilikuwa kimepita asilimia 100, kwa kuwa walikuwamo pia watoto waliozidi umri. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1990 kilikuwa kimeshuka chini ya 90. Kwa sehemu kubwa ya muongo huo, chini ya nusu ya walioanza darasa la kwanza walifika mwisho wa darasa la nane. Kaskazini Mashariki na katika baadhi ya sehemu za Pwani hali ilikuwa mbaya zaidi, hasa kwa wasichana.

Haya yalitokea huku Kenya ikiwa imejiunga na mataifa mengine huko Jomtien, Thailand, mwezi Machi 1990 kuahidi elimu kwa wote.

Kenya haikuwa peke yake. Tanzania, iliyokuwa imefuta karo za shule za msingi mwaka 1973 na kupitisha Azimio la Musoma mwaka 1974, ilirudisha michango ya wazazi katikati ya miaka ya 1980, na uandikishaji wake ukaporomoka vile vile. Uganda ilikuwa ya kwanza kugeuza mkondo, ilipoanza kuwasomesha bure watoto wanne wa kila familia mwaka 1997. Tanzania ilifuata Januari 2002. Nchini Kenya, Bunge lilikuwa limepitisha Sheria ya Watoto ya mwaka 2001 iliyotaja elimu ya msingi bila malipo kuwa haki ya kila mtoto, lakini sheria hiyo haikuja na senti.

Januari 2003

Muungano wa NARC wa Mwai Kibaki uliingia katika uchaguzi wa Desemba 2002 ukiwa na ahadi ambayo kila mpiga kura aliielewa bila kufafanuliwa. Kibaki aliapishwa tarehe 30 Desemba. Wiki moja baadaye, Waziri wa Elimu George Saitoti alitangaza kwamba karo na michango yote katika shule za msingi za umma imefutwa.

Picha za asubuhi ile zilionekana duniani kote: akina mama wakisukumana langoni wakiwa wamewashika watoto mikono, vijana wenye ndevu wakiomba kuandikishwa darasa la nne, walimu wakuu wakiwa wamejifungia ofisini wasijue la kusema. Shule ya msingi ya Olympic iliyoko Kibera, Nairobi, ilizidiwa na umati. Kwa jumla wanafunzi walipanda kutoka milioni 5.9 hadi milioni 7.2. Madarasa ya watoto mia moja yalikuwa ya kawaida mijini, na walimu walikuwa wale wale, kwa sababu marufuku ya mwaka 1998 ilikuwa imeacha pengo ambalo halikuzibwa.

Mwaka mmoja baadaye, Januari 2004, mzee wa miaka 84, Kimani Ng'ang'a Maruge, alijiandikisha darasa la kwanza katika shule ya Kapkenduiywo mjini Eldoret, akiwa amevaa kaptula na soksi ndefu. Alitaka kusoma Biblia mwenyewe na kuhesabu fedha zake. Mwaka 2005 alipelekwa New York kuzungumza kuhusu elimu wakati wa mkutano wa viongozi katika Umoja wa Mataifa. Na aliyekuwa rais wa Marekani, Bill Clinton, alipoulizwa katika televisheni mwaka 2004 ni mtu gani aliye hai ambaye angependa sana kukutana naye, alimtaja Kibaki kwa sababu ya kufuta karo. Wakenya waliokuwa Marekani wakati huo walilizungumza jambo hilo kwa muda mrefu.

Safari hii kulikuwa na fedha, jambo lililoitofautisha na amri ya mwaka 1973. Kila mwanafunzi alitengewa shilingi 1,020 kwa mwaka, zikiingia katika akaunti mbili za shule. Shilingi 650 zilikuwa za vitabu na vifaa vya kusomea, katika akaunti iliyopewa jina la SIMBA, na 370 za matumizi ya jumla. Benki ya Dunia, ile ile iliyokuwa ikishauri matumizi yapunguzwe, ilitoa ruzuku ya dola milioni 50, na Uingereza nayo ikachangia. Kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na mitano, vitabu vilifika katika shule ambazo vilikuwa vimesahauliwa.

Lakini 370 haikujenga darasa. Kamati za shule ziliambiwa zisitoze chochote bila ya idhini ya wizara, na wazazi wengi, waliokuwa wamechoka, waliichukua serikali kwa neno lake. Walipoitwa kuchangia choo kilichobomoka walijibu kwamba elimu ni ya bure. Ulikuwa uamuzi wa haki kabisa, na choo kikabaki kimebomoka. Wazazi wenye uwezo kidogo waliwahamisha watoto wao kwenda katika shule za binafsi, akademia kama zinavyoitwa, zilizochipuka hata ndani ya mitaa ya mabanda. Hivyo wale waliokuwa na sauti ya kuidai serikali ndio waliotangulia kutoka.

Kisha zikaja habari za wizi. Mwishoni mwa mwaka 2009 ilibainika kwamba fedha za elimu ya bure zilikuwa zimeibwa ndani ya Wizara ya Elimu. Uingereza ilisitisha msaada wake, na Januari 2010 Marekani ikafuata kwa kusimamisha dola milioni 7. Pengo hilo halikutokana na amri ya kupunguza bajeti. Kwa mwalimu mkuu aliyengoja fedha za muhula, matokeo yalikuwa yale yale.

Mgao na hesabu zake

Mwaka 2008 mpango ulipanuliwa hadi sekondari za kutwa, kwa shilingi 10,265 kwa kila mwanafunzi. Mgao wa shule ya msingi baadaye ulifika 1,420, na mwaka 2018 ule wa sekondari ukapandishwa hadi 22,244. Mwaka huo huo serikali iliamuru kila mtoto anayemaliza darasa la nane aingie kidato cha kwanza. Ni amri iliyookoa maelfu ya watoto waliokuwa wakiishia mitaani baada ya mtihani, na wala haifai kubezwa. Lakini ilikuwa na hesabu yake. Wanafunzi waliongezeka kila mwaka, mahindi na maharage yakapanda bei, na 22,244 ikabaki 22,244.

Hata hiyo haikufika yote. Wakuu wa shule walianza kueleza kwamba fedha zinakuja nusu, au zinakuja muhula ukiwa umekwisha. Mfanyabiashara aliyeikopesha shule kuni na unga alikuwa wa kwanza kujua kwamba mgao haujaingia. Mwaka 2023 madarasa ya sekondari ya chini, chini ya mtaala mpya unaozingatia umahiri, yaliwekwa ndani ya shule za msingi, nyingi zikiwa hazina maabara. Mgao wake ulipangwa kuwa shilingi 15,042. Waliokumbuka karakana za mwaka 1985 waliona mtaala umetangulia tena na jengo linafuata nyuma, likisukumwa na wazazi.

Juni 2024 vijana waliingia barabarani kuupinga Mswada wa Fedha, na Rais William Ruto akauondoa. Kodi zilizokusudiwa hazikukusanywa, riba ya madeni ilibaki pale pale, na wizara zikaambiwa zipunguze matumizi. Mwaka mmoja baadaye ndipo Mbadi alipokwenda mbele ya kamati ya Bunge na hesabu yake ya 16,900.

Kuna tofauti moja kati ya mwaka 1988 na sasa, nayo si ndogo. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Mzazi wa mwaka 1988 alikuwa akiomba. Wa leo anaweza kushtaki. Lakini Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, iliyotungwa kuitekeleza haki hiyo, inapiga marufuku karo ya masomo katika shule za umma na papo hapo inaruhusu malipo mengine, mradi waziri ameyaidhinisha baada ya kushauriana na bodi ya elimu ya kaunti. Inasema pia kwamba mtoto asizuiwe kuingia shuleni kwa sababu hakuyalipa malipo hayo.

Na imeongeza sharti moja zaidi: mtu yeyote anayekusanya mchango shuleni ni lazima atoe risiti rasmi.